Kazi ina mwenyewe: tumtafute kwa njia gani, tumtaje wapi?



Leo tunataka kulizungumza jambo ambalo watu wengi wanaliona dogo, na sisi tunaliona kubwa. Kila siku, kuanzia Muscat na Dubai hadi London na Toronto, picha, mashairi na nyimbo kutoka nyumbani zinaingia katika simu zetu. Picha nzuri ya mashua inayorudi pwani jua likizama. Shairi la beti saba lililotungwa kwa vina na mizani barabara. Sauti ya bibi anayeimba nyimbo ya unyago. Chini yake huandikwa maneno mawili tu: "Kama nilivyoipokea." Hapana jina la mpiga picha, hapana jina la mtunzi, hapana hata mji. Jee, kazi hii imejizaa wenyewe?

Kila kazi ina mwenyewe. Mwenyewe huyo ana haki mbili za mwanzo, nazo ni kuulizwa na kutajwa. Wengi hukubali hayo kwa mdomo, lakini ukiwauliza mbona hawakufanya, jawabu huwa moja: "Tungempata wapi?" Kwa hiyo hatutoi waadhi tu leo. Tunaingia katika jambo lenyewe, yaani katika njia hizi zote tulizonazo, ipi inafaa kumtafutia mtu, na wapi panafaa kumtajia.

Kwanza tukumbushane kwa nini jina lina thamani. Nyimbo ya "Malaika" inajulikana duniani kote. Marehemu Miriam Makeba aliiimba, na kundi la Boney M likairekodi mwaka 1981. Lakini muulize mtu nani aliyeitunga, mtakesha. Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyeirekodi ikajulikana naye. Walio upande wa Adam Salim, Mtanzania aliyekuwa akiishi Nairobi, wanasema aliitunga tangu mwaka 1945. Wapo na wengine wanaotajwa. Nyimbo imezunguka dunia nzima, na hadi leo ugomvi wa nani baba yake haujesha, kwa sababu haikuandikwa mapema pahala ambapo kila mtu angeweza kuona.

Huko Afrika Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Nyimbo ile ikavuka bahari, ikabadilishwa jina na maneno, na mwaka 1961 ikawa mashuhuri Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa masikini. Warithi wake walihangaika mpaka mwaka 2006 ndipo wakafikia mapatano ya kulipwa. Hesabuni wenyewe, ni miaka 44 baada ya mwenyewe kuingia kaburini.

Mtasema hao ni makampuni makubwa, sisi wanyonge tunahusika nini? Tunahusika sana. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kuilalamikia kampuni ya Disney, kwa kuwa maneno "Hakuna Matata" ilikuwa imeyasajili Marekani kama alama yake ya biashara. Kelele zilikuwa kubwa, nasi tunasema zilikuwa na haki yake. Lakini wapo waliotia saini asubuhi kutetea mali ya Waswahili, na jioni wakaikata picha ya kijana wa Lamu pale pembeni alipoandika jina lake, wakaitia katika tangazo la duka lao la Dubai. Akinyang'anya mgeni ni wizi, akinyang'anya mwenzetu ni mapenzi ya nyumbani? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sasa tutazame jina linavyopotea. Mara nyingi hapana mtu aliyekaa akapanga kuiba. Mashine zenyewe zinasaidia upotevu. Picha inayotoka katika kamera hubeba ndani yake maelezo yaliyofichika, kama vile tarehe na aina ya kamera, na pengine jina la mpigaji ikiwa ameliweka. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha inabanwa ili iwe nyepesi, na maelezo yale yanaondolewa. Tangu mwaka 2018 WhatsApp huonyesha alama kwamba ujumbe umepelekwa kutoka kwengine, lakini alama ile haisemi umetoka kwa nani. Mwaka 2019 ikawekwa mpaka kwamba mtu asiupeleke ujumbe mmoja zaidi ya mara tano kwa mpigo. Hayo yalifanywa kupunguza uvumi, siyo kulinda majina ya watunzi. Picha ikishapita mikono mitatu, imekuwa yatima.

Ndipo inapokuja kazi ya kumtafuta mwenyewe, na siyo ngumu kama inavyosemwa. Kwa picha, zipo tovuti ambazo unaiingiza picha nazo zinakuonyesha pengine pote ilipowahi kuwekwa. TinEye ilianza mwaka 2008, na Google ikaleta utafutaji wa namna hiyo mwaka 2011. Angalia ile iliyowekwa mapema na iliyo kubwa kuliko zote, kwa kawaida hiyo iko karibu zaidi na mwenyewe. Kwa shairi, chukua mstari mmoja wa katikati, uuweke ndani ya alama za kunukulia, utafute. Usichukue mstari wa mwanzo, kwani huo ndio unaobadilishwa na kila mwenye kujitia ustadi. Vyote vikishindikana, muulize aliyekuletea, naye amuulize aliyemletea yeye. Kuuliza si ujinga.

Umemjua mwenyewe. Umwandikie wapi? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu huchagua njia iliyo nyepesi kwao wenyewe. Sisi tunasema njia bora ni ile ambayo mwenye kazi ameitangaza kuwa ni mlango wake wa kazi. Akiwa ameandika nambari ya biashara katika ukurasa wake wa Instagram, piga hiyo. Akiwa ametoa anwani ya barua pepe, andika huko. Usiichimbue nambari yake ya nyumbani kwa shemeji yake ukampigia mezani wakati anakula na wanawe. Na wewe unayeombwa nambari ya mtu, usiitoe ovyo. Chukua nambari ya anayeuliza, umpelekee mwenyewe, aamue kupiga au kunyamaza. Hiyo ndiyo adabu ya ujirani tuliyolelewa nayo, na haikubatilika kwa kuwa majirani sasa wako ndani ya simu.

Kuandika hadharani chini ya picha yake, "Naomba kutumia hii," hakufai kwa ombi lenye uzito. Mtu huona haya kukataa mbele ya watu, na huona haya zaidi kutaja bei. Utapata "sawa" isiyotoka moyoni. Ujumbe wa faragha kwa Facebook au Instagram ni bora, ila una kasoro yake. Kama hamjuani, ujumbe wako unaweza kuingia katika kapu la maombi, na wako watu hawalifungui kapu hilo mwaka mzima. Kwa hiyo kutojibiwa si ruhusa. Wapo wanaosema, "Nilimwandikia hakujibu, basi nikatumia." Ukibisha hodi mara tatu hukuitikiwa, waungwana hurudi, hawaingii kwa dirisha.

Barua pepe ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba inabaki. Ikiwa unataka picha kwa jalada la kitabu, kwa tangazo la biashara, au kwa kalenda ya jumuiya itakayouzwa, pata ruhusa kwa maandishi. Sema wewe ni nani, unataka kazi ipi hasa, utaitumia wapi, kwa muda gani, utalipa nini, na jina lake utaliandika vipi. Mistari sita inatosha. Lakini tukumbuke kwamba mafundi wengi nyumbani wanayo barua pepe kwa ajili ya kufungulia simu tu, hawaisomi. Kwa hao, piga simu kwanza kwa heshima, jieleze, kisha mkikubaliana andikianeni kwa WhatsApp, ili kila mmoja awe na maneno yale yale mkononi.

Na saa nazo ziangaliwe. Aliye Muscat yuko mbele ya Zanzibar kwa saa moja tu, hana tabu. Aliye London yuko nyuma kwa saa mbili wakati wa joto na saa tatu wakati wa baridi. Aliye New York anayetoka kazini saa kumi na mbili za jioni akanyanyua simu, nyumbani ni saa saba au saa nane za usiku. Simu ya usiku kwetu ina maana moja, msiba. Usimshtue mtu moyo kwa ajili ya picha ya mashua. Vile vile usimtumie video ya dakika kumi ya kujieleza. Wewe unatumia intaneti ya nyumba inayolipiwa kwa mwezi, yeye anahesabu bando. Maandishi mafupi yanafika kwa bei ndogo, na mtu anayasoma apatapo nafasi.

Tena nchi na nchi hazifanani. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp za sauti na video zimezuiliwa kwa miaka mingi, ingawa maandishi yanapita. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Tanzania mtandao wa X ulizuiliwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku zile hata mtoto hakuweza kujua hali ya mama yake, seuze mhariri na mpiga picha. Asiyejibu pengine hana njia ya kujibu. Ndiyo maana tunasema mtu mwenye kazi asiwe na mlango mmoja, na anayemtafuta asitegemee mlango mmoja. Nambari ya simu ya kawaida iliyoandikwa katika daftari bado ina faida.

Tuje kwenye kumtaja. Kanuni yetu ni nyepesi: jina likae pale pale kazi inapoonekana. Kumshukuru mtunzi katika grupu la watu ishirini wakati shairi lake umelisoma mbele ya harusi ya watu mia tano si kumtaja, ni kumnong'oneza. Ukiweka picha Facebook au Instagram, jina liandikwe katika maelezo ya picha hiyo, pamoja na jina la ukurasa wake, ili anayeipenda aweze kumfikia kwa kugusa mara moja. Ukituma kwa WhatsApp, jina liwe chini ya picha yenyewe, siyo katika ujumbe wa pili unaofuata, kwani ule wa pili hubaki nyuma picha inapoendelea na safari. Ukituma shairi, jina la mtunzi liwe ndani ya maandishi, juu na chini. Na alama aliyoiweka mwenyewe pembeni ya picha usiikate. Tafadhali pia tuache kuandika "Picha: Google" au "Picha: kwa hisani ya mtandao". Google hakupiga picha. Ni sawa na kusema samaki huyu amevuliwa na soko.

Tumsikilize na anayepinga. Anasema, "Mnayakuza mambo. Hatukuuza chochote, tumemtangaza bure, afurahi." Tunamjibu hivi. Kutangazwa bila ya jina si kutangazwa. Fundi wa picha za harusi Tanga au Mombasa hana kiwanda, jina ndilo duka lake. Bi harusi anayeiona picha nzuri akauliza "nani kapiga?" ndiye mteja wa kesho. Asipopata jawabu, anakwenda kwa mwengine, na yule fundi hajui hata kwamba kodi ya mwezi ule imempita. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete itavikwaje na chanda kimefichwa?

Na sheria ipo, wala si ya jana. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ndio mama wa sheria za hakimiliki duniani. Ulipofanyiwa marekebisho mjini Rome mwaka 1928, uliingiza haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Uingereza imo tangu mwanzo wa mkataba huo, Marekani iliingia 1989, Kenya 1993, Tanzania 1994, Oman 1999, na Falme za Kiarabu 2004. Nyumbani, Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na chombo chake COSOTA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003 na COSOZA. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba kazi iliyo mtandaoni haina mwenyewe, wala kwamba kuvuka bahari kunaifanya iwe halali yake. Na jina peke yake halitoshi pale inapotakiwa ruhusa. Kuandika "hakimiliki ni ya mwenyewe" chini ya nyimbo uliyoichukua bila ya kuuliza ni kukiri tu kwamba ulijua.

Lipo jambo jengine linalosahauliwa. Si kila mtu anataka kutajwa. Mama aliyeimba katika shughuli ya wanawake aliimba kwa ajili ya wanawake waliokuwapo, hakuimbia dunia. Mwandishi wa nyumbani anayeandika siasa kwa jina la kalamu amechagua jina lile kwa sababu zake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, na wako watu waliofikishwa mahakamani kwa walichoandika. Sisi tulio mbali tunaandika tukalala. Yeye analala kwa wasiwasi. Ukimtaja kwa jina la baba yake na mtaa wake kwa nia ya kumsifu, unaweza kumwonyesha njia asiyemtakia mema. Kwa hiyo swali ni moja: "Ungependa tukutaje vipi?" Akisema jina la kalamu, ni hilo hilo. Akisema asitajwe, asitajwe, na akisema kazi isisambazwe, isisambazwe.

Mwisho ni pesa, na hapa tusioneane haya. Sifa haziwashi jiko. Zamani mtu alikuwa na udhuru, kumpelekea mtunzi shilingi elfu ishirini kulihitaji msafiri na bahasha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mtu aliye Leicester anaweza kuingiza pesa katika simu ya aliye Pemba kabla chai haijapoa. Jumuiya inayokodi ukumbi, inayolipa mpishi na mpiga muziki, ishindwe kumpelekea chochote aliyetunga shairi la sherehe? Ila hapa pia njia ichaguliwe kwa uangalifu. Sote tunaujua ule ujumbe wa matapeli, "ile pesa tuma kwa namba hii." Usitume kwa nambari iliyokuja kwa maandishi tu. Mpigie mwenyewe, usikie sauti yake, na uhakikishe jina linalotokea kabla ya kutuma ndilo alilokutajia.

Na ikiwa mwenye kazi amekwishafariki? Haki haikuzikwa naye. Tafuta warithi wake kupitia watu wa mtaani kwake, au uliza COSOTA, COSOZA na wenzao wa Kenya. Ukishindwa kabisa, litaje jina la marehemu kwa ukamilifu, na useme wazi kwamba familia yake unaitafuta. Mara nyingi familia yenyewe hujitokeza, tena kwa furaha ya kusikia kwamba baba yao bado anakumbukwa.

Rai yetu kwa viongozi wa magrupu na jumuiya zetu za Ghuba, Uingereza na Marekani ni kwamba jambo hili liwe kanuni iliyoandikwa: picha, shairi au sauti isiyo na jina isipelekwe mbele mpaka aliyeileta aseme ameipata wapi. Na kwa mafundi na watunzi wa nyumbani, nanyi msaidieni mwenye kutaka kuwafanyia haki. Andikeni jina lenu na nambari ya kazi juu ya kila mnachokitoa, na mtu akiuliza mjibuni, hata kama jawabu ni hapana. Usiku wa leo, kabla ya kidole kugusa alama ya kupeleka, msomaji jiulize: hii ni ya nani, na yeye anajua?